Kidhibiti, au Kontrola: Ni Nguvu Ipi Unayoitaka?

Bodaboda wa Bagara, mjini Babati, akimwambia fundi "niongezee nguvu", fundi anayejua kazi hashiki spana mpaka aulize: ya kuvuta au ya kukimbia? Anayebeba magunia ya mahindi na mbaazi kupandisha mwinuko mkali wa Dareda atawekewa spoketi ya nyuma yenye meno mengi. Anayeshinda kwenye lami ya Kondoa, sehemu ya ile barabara ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa 2018, atataka yenye meno machache. Pikipiki ni ileile, injini ileile, sisi (cc) 125 au 150 zilezile. Neno "nguvu" limebeba haja mbili zinazopingana, na spoketi ndiyo inayozitenganisha.

Baiskeli ya umeme haina mlango huo. Mota mara nyingi imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, bila mnyororo wa kubadilisha meno, kwa hiyo wateja wote wawili wataelekezwa kwenye kisanduku kimoja cha alumini chenye mapezi ya kupoozea, kilichofungwa chini ya kiti. Mafundi wanakiita kontrola. Maandishi yanakiita kidhibiti.

Kisanduku hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuizungusha mota. Mota hizi hazina brashi, hivyo ukizipa umeme wa betri moja kwa moja hazizunguki. Kontrola inapeleka umeme kwa zamu kwenye nyaya tatu nene, za njano, kijani na buluu, kwa kufungua na kufunga transista zake maelfu ya mara kwa sekunde. Kazi ya pili ni kuuwekea umeme huo mpaka. Inasoma aksileta, inapima mkondo unaotoka kwenye betri, na ukifika kiwango ilichopangiwa, tuseme ampea 15, inakataa kuzidisha hata ukisokota mkono mpaka mwisho. Betri ya volti 48 kwa ampea 15 ni wati 720. Hapo ndipo mwenye haraka anapoanza kulitazama lile sanduku kwa jicho baya.

Lifungue uone. Pembeni mwa bodi, kati ya transista na waya mweusi wa betri, kuna kipande kifupi cha waya mnene kilichopindwa kama pini ya stepla, wakati mwingine viwili au vitatu sambamba. Mafundi wanakiita shanti. Ukinzani wake ni milioumu chache tu. Mkondo ukipita hapo unaacha tofauti ndogo sana ya volti, na bodi huisoma tofauti hiyo kama kipimo. Mchezo maarufu ni kukilehemu, yaani kukipaka lehemu nene mpaka ukinzani wake upungue. Sasa zinapita ampea 22, bodi inasoma 15 na kuona mambo yako sawa. Wati zimepanda kutoka 720 hadi 1,056, na hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Kiswahili cha mjini tayari kina kitenzi cha kazi hii: kuchakachua. Tulikizoea vituo vya mafuta vilipochanganya mafuta ya taa kwenye petroli, na hapa kinafaa kuliko "kuboresha". Shanti iliyolehemiwa haimwongezei mtu nguvu, inamdanganya mpimaji. Nguvu ilikuwa kwenye betri tangu mwanzo, na kontrola ndiyo iliyokuwa imeizuia.

Ndiyo maana naliunga mkono neno kidhibiti, ingawa nafahamu udhaifu wake. Kudhibiti ni kuweka chini ya mamlaka, kuzuia kisipite mpaka. Tunalisikia kila siku: vidhibiti mwendo vya mabasi, mamlaka kama EWURA na LATRA, ambazo zote zina "udhibiti" katika majina yao ya Kiswahili. Mtu akisoma "kidhibiti" anajua hiki ni kizuizi kabla hajafungua bisibisi. "Kontrola" haimwambii lolote. (Polisi nao wana vidhibiti vyao, vile vinavyopelekwa mahakamani. Kontrola iliyochakachuliwa ikisababisha ajali inaweza kustahili jina hilo kwa maana zote mbili.) Udhaifu ni kwamba neno limeiacha ile kazi ya kwanza, ya kuizungusha mota. Wapo watakaopendekeza "kiendeshi", lakini neno hilo limeshachukuliwa na watu wa kompyuta, na isitoshe linaficha kizuizi, ambacho ndicho kinacholeta hasara.

Hasara yenyewe ni ya joto. Joto halipandi sawasawa na mkondo, linapanda kwa mraba wake: kutoka ampea 15 hadi 22 mkondo umeongezeka kwa nusu hivi, joto katika transista na nyaya limezidi mara mbili. Hali huwa mbaya zaidi mlimani. Gurudumu likienda polepole chini ya mzigo, mkondo ndani ya mota huwa mkubwa kuliko ule wa betri, na hakuna upepo wa kupoozea. Yaani yule wa Dareda, mwenye haja ya kweli ya mvuto, ndiye atakayeunguza wa kwanza. Kama kitovu kina gia za nailoni, huenda meno yakang'oka kabla ya transista kuungua. Au bodi ya ulinzi ndani ya betri itakata moto katikati ya mwinuko, na hilo huenda likawa ndilo jema kuliko yote.

Yule wa lami ya Kondoa, kulehemu hata hakumsaidii. Kasi ya mwisho ya mota hizi inafuata volti, si ampea. Atashauriwa afunge betri ya volti 60 kwenye kidhibiti cha 48. Betri hiyo yenye seli 16 ikijaa inafika volti 67.2, na kapasita nyingi za vidhibiti vya 48 zimeandikwa ubavuni volti 63. Zinaweza kupasuka kwa mlio.

Vipo vidhibiti vinavyopangwa kwa simu au kompyuta, na hivyo ndivyo ningemshauri mtu anunue badala ya kulehemu. Humo unakuta viwango viwili tofauti ambavyo tukiviita vyote "nguvu" tutaharibu: mkondo wa betri, unaoamua betri itakamuliwa kiasi gani, na mkondo wa mota, unaoamua mvuto wa kuondokea na kupandia. Fundi akipandisha kimoja, akiandike kwenye risiti kwa jina lake na tarakimu zake, "mkondo wa betri, kutoka ampea 15 hadi 18", ili fundi wa pili atakayeletewa baiskeli hiyo ajue aanzie wapi kupima.