Alama za vidole katika kitambulisho cha taifa

Alama za vidole hutumika katika vitambulisho vya taifa ili mtu mmoja awe na rekodi moja tu serikalini, na asitokee mwingine akajifanya yeye. Mistari ya ngozi ya vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni na hudumu hadi uzeeni. Hata mapacha wa kufanana hutofautiana.

Kidole kikishawekwa kwenye mashine, programu hutafuta mahali mistari inapokatika au kugawanyika, ikaandika kila alama iko wapi na imeelekea wapi. Orodha hiyo ndiyo inayolinganishwa. Wakati wa usajili, alama za mwombaji hupitishwa kwenye kanzidata nzima kuona kama amewahi kujiandikisha. Hiyo ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa kosa dogo likizidishwa kwa mamilioni ya rekodi huwa makosa mengi. Kwa sababu hiyo India, katika mfumo wake wa Aadhaar, huchukua vidole vyote kumi pamoja na mboni za macho. Baada ya hapo kazi huwa nyepesi: mtu hutaja namba yake, na kidole chake hulinganishwa na rekodi hiyo moja.

Watanzania wengi waliyajua haya kwenye meza ya wakala wa simu. Kuanzia Mei 2019 laini zilisajiliwa upya kwa namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) na alama za vidole, na siku ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020. Foleni kwenye ofisi za NIDA zilikuwa ndefu, na wengi walisajili laini kwa namba tupu, kadi yenyewe haijachapishwa. Kidole kilipokataa, mtu aliambiwa akifute, abonyeze tena, ajaribu kingine. Vinavyokataa mara nyingi ni vya wazee, wakulima, mafundi ujenzi na wavunja kokoto, ambao kazi imewalainisha mistari. Mfumo usio na njia nyingine ya kumtambua mtu huwafungia nje hao hao.

Nchini Kenya historia ya alama za vidole ni chungu zaidi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Aliyetoroka shamba la mlowezi alisakwa kwa alama hizo. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya mwanaharakati Harry Thuku na wenzake kabla hajakamatwa mwaka 1922. Sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe, walowezi waliona kutiwa wino vidoleni ni kudhalilishwa. Kwa Mwafrika hawakuwa wameliona hilo.

Karne moja baadaye, Huduma Namba, mpango wa serikali ya Kenya wa namba moja ya utambulisho ulioandikisha watu mwaka 2019, ilifikishwa mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na ikataka sheria madhubuti kwanza. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa athari kwa faragha hazikutathminiwa.

Lakini kisa cha kaskazini-mashariki ndicho kinachoonyesha vizuri mipaka ya teknolojia hii. Wakenya wenye asili ya Kisomali, wengi wakiwa watoto wakati huo, waliandikishwa kambini kama wakimbizi ili familia zipate chakula na matibabu nyakati za ukame. Walipofika miaka 18 wakaomba kitambulisho, mashine iliwatambua barabara: vidole hivi vimo kwenye orodha ya wakimbizi. Maelfu walinyimwa. Alama hazikukosea hata kidogo. Zilithibitisha kwamba ni mtu yule yule, basi. Swali la uraia wake lilibaki kwa maofisa, ambao kwa miaka mingi walisoma jibu la mashine kana kwamba ndilo jibu la swali hilo pia, hadi serikali ilipoanza kuwahoji waombaji Garissa na kwingineko ili wanaostahili waondolewe kwenye orodha hiyo.