Moteri nayo inapumua: historia ya valvu ndogo na turbo

Wandugu, leo tuongee historia ya kitu kidogo ambacho watu wengi wanakipita tu kwa macho: ule mpira unaotoa gesi ndani ya karteri ya moteri. Ninyi mnaopenda kuongeza nguvu ya turbo, someni mpaka mwisho.

Hakuna moteri isiyovujisha. Esansi inapowaka ndani ya silinda, gesi kidogo inapenya kando ya segmenti za pistoni na kushuka kwenye karteri, pale mafuta ya kulainisha yanakaa. Gesi ile iko na mvuke wa maji, asidi na esansi isiyoungua. Isipotoka, mafuta yanaharibika na presha inasukuma jointi mpaka zivuje.

Zamani dawa ilikuwa bomba moja tu lililoelekea chini. Gari likikimbia, upepo ulivuta gesi na kuimwaga barabarani. Likisimama, hakuna kilichovutwa. Kumbe dawa bora ilikuwa tayari inajulikana! Jeep ya Willys, ile ya vita kuu ya pili, ilikuwa na valvu iliyorudisha gesi ndani ya moteri ili iungue. Lakini vita ilipokwisha, magari mengi ya raia yaliendelea na bomba lao.

Kilichobadilisha mambo ni hewa ya mji. Mwaka 1943 ukungu wenye kuchoma macho ulifunika Los Angeles, hata watu wakadhani ni shambulio la Wajapani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Caltech, alionyesha siri yake: mvuke wa esansi na oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua, ukungu ule unazaliwa. Tena ikaonekana kwamba sehemu ya mvuke ule ilitoka katika karteri, si katika bomba la moshi peke yake. Basi magari mapya ya California yakaanza kupewa valvu mwaka 1961, na modeli za 1963 zikaipata Marekani nzima.

Sasa turbo ikaingia. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ilitoa Oldsmobile Jetfire na Corvair Monza Spyder, magari ya kwanza ya watu wa kawaida yenye turbo. Hapo kuna fumbo: valvu inategemea moteri kuvuta hewa, lakini turbo ikipuliza, mahali pa kuvuta panageuka mahali pa kusukuma. Kwa hiyo valvu inapaswa kujifunga, na gesi ipite njia ya pili, mpaka kwenye tiyo iliyo kati ya filtri ya hewa na turbo. Pale turbo yenyewe inavuta.

Fundi akiongeza presha ya turbo, gesi inayoshuka nayo inaongezeka, lakini mipira inabaki ile ile nyembamba. Mafuta yanatafuta njia: kijiti cha kupimia kinaruka, jointi zinavuja, au mafuta yanaingia silinda na moteri inaanza kugonga. Wengine wanaziba tundu ili mafuta yasitoke. Hiyo ni kuua moteri. Wengine wanaliacha wazi, na mji unarudi kuvuta hewa ya mwaka 1950.

Njia nzuri iko hivi. Pima kwanza kompresio, maana segmenti zilizochoka haziponyeki kwa mpira mpya. Weka valvu isiyorudisha presha ya turbo chini. Panua mipira. Katikati weka chombo chenye vizuizi ndani, kitenge mafuta na gesi, kisha gesi irudi mbele ya turbo. Na chombo kile ukimwage mara kwa mara. Kikijaa, hakina kazi tena.

Valvu ilikuwepo miaka karibu 20 kabla ya magari ya raia kuipokea. Kwa hiyo, ndugu, kabla hujaongeza nguvu, jiulize kwanza: presha hii itatokea wapi, na nani ataivuta puani?