Jenerali, Deraya na Kichwa cha Mpagazi

Wapenzi wa habari za vita hupenda kuwataja majenerali walioanzisha mapigano ya deraya. Wiki hii nawaletea jenerali aliyepita Mpwapwa mwaka ule ule kifaru kilipoingia vitani kwa mara ya kwanza.

Huyo ni Jacob van Deventer, Kaburu wa Afrika Kusini. Katika Vita vya Makaburu alipigana na Waingereza, akajeruhiwa kooni, sauti ikabaki ya mkwaruzo. Mwaka 1916 akawa upande wa Waingereza hao hao dhidi ya Wajerumani. Aliingia Kondoa mwezi Aprili, Dodoma mwishoni mwa Julai, Mpwapwa mwezi Agosti, na Kilosa tarehe 22 mwezi huo huo.

Waingereza walikuwa na magari ya deraya aina ya Rolls-Royce, yaliyopigana upande wa Kilimanjaro. Lakini deraya haifui dafu mbele ya tope na kichaka. Van Deventer alitegemea farasi, nao mbung'o wakawamaliza farasi hao kwa maelfu. Tarehe 15 Septemba 1916, wiki chache baada ya Mpwapwa kutekwa, vifaru vya kwanza duniani vilinguruma Somme, Ufaransa. Huku kwetu, chakula na risasi vilisafiri juu ya kichwa cha mpagazi.

Na mpagazi huyo alitoka wapi? Alitoka vijijini mwetu. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo. Waingereza walipofika wakachukua kilichosalia. Mvua nazo zikakosa. Ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watano katika Ugogo alikufa.

Mwaka 1917 van Deventer akawa mkuu wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki, na nishani akapata.

Mimi kila nipitapo kwenye Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, hutazama ile bunduki. Maandishi ya chini yanawakumbuka wapagazi pia, lakini mzigo wenyewe hauonekani. Ndugu zangu, ukiwa na mzee wa Mpwapwa aliyesimuliwa Mtunya na wazazi wake, mwulize leo. Jenerali ameshaandikwa vitabuni. Mpagazi anatungoja sisi.