Unauza Nyumba? Anza na Bati, Mtaro na Karatasi

Wengi wetu Mbeya na Iringa huuza nyumba wakiwa na haraka: ada ya mtoto, mgonjwa hospitalini au uhamisho wa kazi. Haraka hiyo ndiyo inayoifanya nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi iondoke kwa bei ya kutupa. Mnunuzi akiona bati linavuja au karatasi zina utata, hupunguza bei kuliko gharama halisi ya kurekebisha. Hapa tunaeleza mambo ya kushughulikia kabla hujamwita dalali.

Bati na maji ya mvua

Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili au Mei, na kule Rungwe huendelea zaidi. Kwa hiyo mnunuzi wa huku hutazama juu kwanza. Ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, kisha angalia kama mwanga unapenya kwenye bati. Badilisha misumari iliyolegea na kofia iliyoinuka. Alama za maji kwenye dari usizipake rangi kabla ya kuziba tundu lililozileta.

Nje, chimba mtaro ili maji yaondoke kwenye msingi. Udongo mwekundu uliorukia ukuta usugue, kisha paka sehemu ya chini rangi iliyokoza. Kazi hizi zifanye kiangazi, kwa kuwa rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu hubabuka.

Nyufa

Ufa mwembamba ulio kwenye plasta tu, fundi anauziba kwa siku moja. Ufa unaopita kwenye tofali na kuzidi kupanuka unaonyesha msingi una tatizo. Huo usiufiche. Mweleze mnunuzi na mkubaliane bei. Akija kuugundua baada ya kulipa, mtaishia kwenye baraza la ardhi au mahakamani.

Usafi na mwanga

Masizi ya jikoni yaoshe kwa sabuni kabla ya kupaka rangi, la sivyo weusi utajitokeza tena. Safisha choo, tengeneza vitasa na bawaba, badilisha vioo vilivyopasuka. Magunia ya mahindi na viazi yaliyojaa chumbani yahamishe, kwa sababu chumba kilichojaa mizigo huonekana kidogo. Siku ya kuonyesha nyumba, fungua mapazia.

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu: bati, mtaro, choo, milango, kisha rangi. Vigae vipya mwachie mnunuzi achague mwenyewe.

Karatasi

Nyumba inayong'aa lakini haina karatasi humtia mnunuzi shaka. Kama iko mjini, weka tayari hatimiliki au leseni ya makazi, pamoja na risiti za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia LUKU kwa wenye umeme. Lipa pia bili ya maji. Uliza TRA mapema kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, maana huwashtua wauzaji wengi dakika za mwisho.

Kama iko kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ndiyo inayotumika. Uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Nyumba ya ndoa haiuzwi na mtu mmoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi makini ataomba ridhaa hiyo kwa maandishi. Nyumba ya urithi nayo inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mzaliwa wa kwanza hana mamlaka ya kuuza kwa sababu ya umri wake.

Bei na dalali

Uliza nyumba zinazofanana na yako mtaani ziliuzwa kwa kiasi gani, wala usichukue bei ya dalali mmoja. Kubaliana naye malipo yake mapema na kwa maandishi, ili asije akaweka cha juu bila wewe kujua. Bei ya chini kabisa unayoweza kukubali, usimtajie.

Ukipokea kishika uchumba, andikeni kiasi, tarehe ya kumaliza malipo na kitakachotokea mmoja wenu akighairi. Wekeni mashahidi wa pande zote mbili, na mkataba wa mwisho uandikwe mbele ya wakili. Hati yako halisi ibaki mkononi mwako. Mnunuzi mpe nakala mpaka fedha yote iingie.

Yote haya yanahitaji muda. Ukijua utauza mwakani, anza kiangazi hiki.