Bodi ya Mfaransa, Injini ya Mjapani

Huku kwetu pwani ya kusini, neno "Pijo" si jina la kampuni ya Ufaransa. Ni jina la aina ya pikapu. Mtu wa Msambweni akikwambia, "Nitakuletea Pijo ibebe mawe," hajakuahidi lolote kuhusu kilicho chini ya boneti. Mara nyingi hapo chini pamelala Toyota. Pengine Nissan. Ukiichunguza zaidi utaona kwamba bodi ndiyo pekee iliyobaki ya kiwandani, na hiyo nayo nusu ni mabati yaliyochomelewa Ukunda, maana chumvi ya bahari haina heshima kwa chuma cha mtu yeyote.

Historia ya magari Kenya huandikwa kama historia ya wauzaji na washindi: nani alileta nini, nani alishinda Safari Rally. Gereji huachwa nje. Mimi naona pikapu hizi zina historia mbili, na ile ya pili, ya mafundi, ndiyo ndefu zaidi.

Ya kwanza tuipitie haraka. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968; ile miwili ya katikati usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkaazi wa Tanzania. Mdogo wake, 504, ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari mwaka 1975 na tena 1978. Wazee wetu walinunua sifa hizo. Miaka hiyo ya 1970 serikali ilitaka magari yaunganishwe hapa nchini, vikaanzishwa viwanda vitatu: kimoja Thika, kimoja Nairobi, na kimoja Mombasa, Associated Vehicle Assemblers, ambacho watu hukiita AVA, huko Miritini. Pijo za 504 ziliunganishwa AVA. Yaani hizi gari kwa namna fulani ni za hapa hapa, zimezaliwa ng'ambo ya kivuko tu.

Ulaya waliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983 na pikapu mwaka 1993. Kenya tuliendelea kuziunganisha hadi 2004. Kwa miaka kumi na zaidi tulikuwa tukizaa gari ambalo aliyelibuni ameshalisahau.

Na zote, hizo pikapu, zilikuwa za gia ya mkono. Hapakuwa na mjadala. Hata kama ungependa otomatiki, hukuwa na pa kuipata, na ukweli ni kwamba barabara zetu zilikuwa zimeshaamua. Chukua Likoni. Maji yakipwa, mwinuko wa kutokea kwenye feri huwa mrefu na mkali, umelowa, na nyuma yako kuna lori na watu mia kadhaa wanaoenda kazini kwa miguu. Ukiwa na tani moja ya nazi nyuma, wataka gia ya kwanza na mguu unaoijua klachi yake. Au chukua ile kupanda kutoka Kombani hadi mji wa Kwale, juu ya Shimba Hills. Kupanda si kazi kubwa sana. Kazi ni kushuka, umebeba maembe ya watu, breki zimepata moto. Hapo dereva hurudisha gia mbili chini na kuiacha injini ishike gari. Wazee walitufunza kwamba anayeshuka mlima na gari liko fri ni mtu aliyeichoka familia yake.

Halafu kuna jambo dogo ambalo vijana wa otomatiki hawalijui: betri ikifa Lunga Lunga, Pijo yasukumwa. Watu wanne, gia ya pili, achia klachi, twende.

Sasa historia ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara na magari ya mitumba yakaanza kumiminika bandarini Mombasa kutoka Japani na Dubai. Hilo ndilo lililoiua 504 kama gari jipya. Nani atanunua Pijo mpya wakati Corolla iliyotumika ni bei nafuu? Lakini meli hizo hizo zilileta pia injini. Injini kamili, imetolewa kwenye gari huko Japani, ina staata yake, altaneta yake na giaboksi bado imeshikana nayo. Kwa mwenye pikapu ya petroli inayokunywa kama ng'ombe wa Kinango wakati wa kiangazi, hiyo ilikuwa habari njema. Spea za Pijo nazo zilikuwa zikiadimika mwaka baada ya mwaka.

Ndipo mafundi wakaanza kazi. Waliyoipenda zaidi ni familia ya dizeli za Toyota: 2L yenye cc 2,446, 3L yenye cc 2,779, na 5L yenye cc 2,986. Hazina tabo, hazina haraka. Siri yake iko kwenye pampu. Pampu ya injini hizo hufanya kazi kwa mitambo mitupu, na ili iwake yahitaji waya mmoja tu. Ukiupa umeme, dizeli inapita. Ukiukata, injini inazima. Waya mmoja! Fundi asiyejua kusoma mchoro wa umeme aliweza kuihamisha injini ya Hilux kutoka Nagoya ikaamka ndani ya gari la Kifaransa lililounganishwa Miritini.

Si kwamba kazi ilikuwa rahisi. Injini ya petroli ya 504 imelala upande, nyuzi 45, kwa hivyo viti vyake kwenye chesisi havimfai mgeni aliyezoea kusimama wima. Fundi hukata, hupima kwa kamba na macho, huchomelea viti vipya. Giaboksi ya Pijo haishikani na injini ya Toyota, basi Toyota huja na giaboksi yake. Hapo rodi ya gia hutokea mahali pengine, sakafu yapasuliwa tundu jipya, na lile la zamani hufunikwa kwa kipande cha raba ya tairi. Propela shafti hupelekwa Mombasa kwa mtu wa lethi ikakatwe na kuungwa. Waya wa spidomita haufiki tena. Katika Pijo zote nilizopanda maishani mwangu sikumbuki hata moja iliyonionyesha mwendo.

Difu nayo hubaki ya zamani mara nyingi, na hii ndiyo sababu ya ile sauti. Difu ya gari la petroli imepangwa kwa injini inayozunguka kwa kasi. Dizeli haipendi mizunguko mingi. Matokeo ni pikapu yenye nguvu za kung'oa mnazi lakini ikifika kilomita 80 kwa saa yalia kama imeibiwa.

Marekani watu hutia V8 za Chevrolet kwenye pikapu za babu zao, na Afrika Kusini kuna watu hutia V8 ya Lexus kwenye Hilux. Nazifurahia video hizo kama mtu yeyote. Lakini zile ni hadithi za nguvu na raha. Hapa swali ni moja: ikiharibika Vanga saa tatu usiku na samaki ndani, nani ataitengeneza?

Swali hilo lilitufikia nyumbani mwaka jana. Ami yangu ana Pijo Msambweni, nayo imesomesha watoto wanne kwa nazi na barafu ya samaki. Ya kwanza ilikuwa injini yake ya kuzaliwa, ya pili 2L, ya tatu 3L, ambayo ilipasuka silinda hedi, ugonjwa unaojulikana wa familia hiyo ikipata joto kupita kiasi. Fundi wake wa Ukunda, mtu aliyeanza kazi hii kijana na sasa ana mvi, alimpa pendekezo ambalo lilitugawanya.

"Mzee, tutie D-4D," alisema. "1KD. Hizi za zamani zaisha."

1KD ni dizeli ya lita tatu, imo kwenye Prado, kwenye Hiace za matatu, kwenye Hilux za kuanzia 2005. Nguvu zake karibu ni maradufu ya 3L na mafuta inakula vizuri. Binamu zangu walishangilia. Mimi nilitaka kujua waya ni ngapi, na fundi akanitolea furushi lililojaa karai. Injini hii haiendeshwi na pampu peke yake, ina kompyuta. Pedali ya mafuta haivuti kebo, inatuma ujumbe. Kuna vihisio vya mzunguko, vya joto, vya presha, na ufunguo wenye chipu. Dizeli husukumwa kwa presha inayozidi bar 1,300 na kupitia vitundu vidogo sana, kwa hivyo mafuta machafu ni sumu. Na tusidanganyane kuhusu mafuta yetu. Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli kulikuwa kumeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida.

Kitu kimoja kilinivutia katika maelezo yake. Hata mafundi wanaotia injini hizi za kisasa hung'ang'ania gia ya mkono. Nilidhani ni mazoea. Kumbe otomatiki ya kisasa ina mazungumzo yake na kompyuta ya injini, na ukimhamisha mmoja bila mwenzake wanagoma wote. Gia ya mkono haiulizi kitu. Injini nyingi za 1KD hushuka bandarini zikiwa na otomatiki mgongoni, fundi akaitoa, akauza chuma, akaanza kutafuta flaiwili, klachi na giaboksi ya mkono ya kufungia.

Ami alisikiliza siku mbili. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: logibuku. Ukibadilisha injini sheria yataka NTSA waarifiwe, gari likaguliwe, na namba mpya iandikwe. Ile 2L haikuandikwa. 3L haikuandikwa. Karatasi ya Pijo yake bado yasema petroli. Kwa miaka yote hiyo bima aliyolipa ilikuwa ya gari ambalo halipo, na siku ya ajali mwenye bima angekuwa na haki ya kumwambia hivyo. Ni hali ya pikapu nyingi sana kwenye barabara ya Lunga Lunga, na kwa maoni yangu ni hatari kubwa kuliko kutu.

Akaamua: 3L tena, lakini safari hii na karatasi. Injini ilipatikana kwenye Hiace iliyostaafu. Giaboksi yake haikufaa, kwa sababu ya Hiace huvutwa kwa nyaya na si kwa rodi ya moja kwa moja, basi ikasakwa ya Hilux wiki tatu nzima. Radieta ikawekwa kubwa zaidi, sharti la fundi. Gari likapelekwa kukaguliwa, likakataliwa kwa sababu ya breki na taa moja, likarudi, likapita.

Yule fundi hajasikitika kwamba 1KD ilikataliwa. Ana kijana wa miaka 22, mwanafunzi wake, aliyejifunza kusoma michoro ya umeme kwenye simu, na mwezi wa Machi walimaliza Nissan Hardbody yenye D-4D ndani, gia ya mkono, ya mwenye hoteli ndogo Diani. Kijana ndiye aliyefunga waya zote. Mzee alichomelea viti vya injini, akasimama kando na kitambaa begani, akangoja kijana amwambie awashe.