Kalenga: Historia Fupi ya Makumbusho ya Mtwa Mkwawa

Sisi wa Nyololo tukisema Kalenga tunasema kwetu, hata kama ni kupanda basi hadi Iringa mjini, kisha kushika njia ya Ruaha kilomita kama 15.

Makumbusho yetu yalizaliwa tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipomkabidhi Adam Sapi, Mtwa (yaani chifu) wa Wahehe, fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa. Deni lilikuwa la siku nyingi: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani, waliolichukua fuvu hilo, miezi sita tu walirudishe. Twining mwenyewe alikwenda Bremen, akakuta mafuvu chungu nzima, likachaguliwa moja kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mtwa. Wapo wasomi wanaouliza kama ndilo lenyewe. Waulize tu, wazee walilipokea, na tundu la risasi linaonekana.

Kalenga ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, yenye ukuta wa mawe. Lakini mgeni usimpeleke huko kabla ya kumsimulia vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891. Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ambaye Wahehe walimwita Nyundo, alikuja amepanda punda, msafara umenyooka vichakani, bunduki za askari wake hazijatiwa risasi. Mlio mmoja ukasikika, Wahehe wakawavamia kwa mikuki, na kwa muda wa dakika chache tu kazi ikawa imekwisha. Nyundo naye akabaki palepale. Hadithi hii nimeisikia kwa wazee wengi na kila mmoja ana shujaa wake. Mimi nawakubalia wote.

Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, Kalenga ikaanguka. Hapo tusikae sana. Mtwa alipigana porini hadi 19 Julai 1898, akajipiga risasi Mlambalasi, ili asikamatwe hai.

Adam Sapi tunamshukuru mara mbili: kwa kulipokea fuvu, na kwa kutuwakilisha vyema akiwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Baada ya hapo: 1999 Mtwa Adam akafariki. 2005 shule ya Mkwawa ikawa chuo kikuu kishiriki. 2015 mwanawe Abdu naye akatutoka, na mwanawe Abdu, Adam wa pili, akasimikwa kuwa Mtwa angali mwanafunzi. 2016 Boma la Iringa likafunguliwa kuwa makumbusho.