Alama Zilizopata Wenyewe

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika miaka yangu ya kuwafunza walimu chuoni, niliitumia methali hii kuwakumbusha kwamba mtoto asiyetamka neno si lazima awe hana la kusema. Historia ya alama za Bliss yathibitisha jambo hilo.

Charles Bliss alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Czernowitz, uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Watu wa mataifa mengi waliishi humo, kila taifa na lugha yake, naye aliamini kuwa maneno ndiyo yaliyowachonganisha. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga katika kambi za Dachau na Buchenwald. Alipoachiwa alikwenda Uingereza, na hatimaye Shanghai, China. Huko alivutiwa na maandishi ambayo watu wa lahaja zisizoelewana waliweza kuyasoma pamoja. Basi akabuni maandishi yake ya michoro. Moyo ni hisia. Moyo wenye mshale wa kwenda juu ni furaha. Mshale ukielekea chini, ni huzuni. Mwaka 1949, akiwa Australia, alichapisha kitabu chake akitumaini kuleta maelewano duniani. Walimwengu hawakumjali.

Waliozipokea alama hizo ni watu ambao hakuwafikiria. Mwaka 1971, mjini Toronto, Kanada, mwalimu Shirley McNaughton na wenzake walihudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Watoto hao walielewa walichoambiwa, ila misuli ya kutamkia haikuwatii. Kwa picha za kawaida mtoto aliweza kuomba maji. Kusema kwamba ana hofu, au kuuliza kwa nini, ilikuwa vigumu. Walimu wakapanga alama za Bliss ubaoni, kila moja pamoja na neno lake. Mtoto akaonyesha kwa kidole, kwa ngumi, au kwa macho tu, na mwenzake akasoma.

Bliss alifurahi mno, kisha akakasirika. Walimu walizirekebisha alama na kuzifanya ngazi ya kumfikisha mtoto kwenye kusoma Kiingereza, ilhali yeye alizitaka zibaki kama alivyozichora, ziwe lugha ya dunia nzima. Mvutano huo uliendelea hadi mwaka 1982, ulipopatikana mkataba wa kuzitumia kwa wenye matatizo ya mawasiliano. Bliss alifariki mwaka 1985.

Simlaumu mzee huyo. Aliyepitia kambi zile ana haki ya kuilinda kazi yake. Hata hivyo, mimi nasimama upande wa watoto, kwa kuwa bila alama hizo wangebaki kimya. Lakini, ndugu msomaji, ubao peke yake hautoshi. Lazima awepo mtu wa kuketi na mtoto, kukingoja kidole kinachotetemeka hadi kifike, wala asiimalize sentensi kwa niaba yake. Mzazi au mwalimu asiyeweza kungoja, hata apewe ubao wa namna gani, hatamsikia mtoto huyo.